Kizibo Namba Tisa

(Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la mwaka 1996. Nimerekebisha herufi chache tu, mengine yako kama nilivyoyaandika.)

Jumapili, Agosti 1996. Mvua imeanza saa nane mchana, ile ya hapa Kakamega isiyobisha hodi. Goti langu la kulia limevimba na nina furaha kupita kiasi.

Shajara, acha nianze kwa kuungama. Jana nilimshika mkwe wangu mkono. Tena si mkono tu. Nilimwekea mkono begani, naye akanishika kiunoni, mbele ya ukumbi mzima, kwa nyimbo mbili.

Sikujua ni yeye.

Mtu wa mbali atacheka, aseme mtu hukosaje kumjua mkwe wake. Lakini kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawasalimiani kwa mkono, hawaketi meza moja, na wakikutana njiani mmoja huchepukia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Walipoleta ng'ombe wa mahari mwezi wa nne, mimi nilikuwa jikoni na moshi wangu. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango nikaona viatu vya kahawia vilivyopigwa rangi vizuri. Basi. Hayo ndiyo niliyoyajua juu ya mtu atakayemwoa Ayuma wangu Desemba: viatu, na jina lake Shivachi, na kwamba anafundisha Navakholo.

Jambo hili limeninyima usingizi tangu Aprili. Ayuma ndiye binti yangu wa pekee. Nikimuuliza, anasema ni mtu mzuri, lakini msichana aliyependa anaweza kusema hivyo hata juu ya fisi. Nikimuuliza Baba Ayuma, anasema kijana anaijua bei ya miwa. Nilimuuliza Senge, dada mkubwa wa Baba Ayuma, ambaye ndiye anayesimamia mambo ya ukoo huu. Alinikemea. Alisema mkwe si nguo ya duka, hapimwi na mama.

Nikanyamaza. Kunyamaza si kutulia.

Sasa haya mashindano. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo mbele ya kibanda changu cha kushonea, nikalisoma kila asubuhi kwa wiki mbili huku nikijifanya natafuta uzi. Kucheza rumba ukumbini, wawili wawili, lakini hakuna kuja na mwenzako. Mwaka jana bwana na bibi fulani walifanya mazoezi miezi mitatu wakashinda kila kitu, watu wakalalamika, kwa hiyo safari hii ilikuwa ni bahati nasibu. Kila mtu aje peke yake, achague kizibo.

Hilo lilinifaa sana. Baba Ayuma nampenda, lakini akicheza utadhani anazima moto wa nyasi. Nilimwambia naenda. Akaniuliza kama goti limekubali. Nikamwambia goti halijaulizwa. Akacheka, akasema yeye atabaki na redio yake. Mtu mwingine sikumwambia, hata Ayuma, ambaye hufundisha watoto wa chekechea kule Likuyani na huja nyumbani mwisho wa mwezi.

Nilijishonea gauni la kitenge cha kijani, mikono mifupi, pindo pana la kuzunguka vizuri. Nikaweka leso, ile kanga ya kujifunga kiunoni, kwenye mkoba kwa sababu mwanamke mzima hatoki bila leso.

Ukumbini walikuwa na sufuria mbili, moja ya wanawake na moja ya wanaume, na ndani yake vizibo vya soda vilivyoandikwa namba kwa rangi ya kucha. Nilichota tisa. Mwenye tisa wa upande wa pili alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, raba nyeusi. Raba nyeusi, shajara! Kama angevaa vile viatu vya kahawia ningetoka mbio. Majina yaliandikwa mezani kwenye karatasi, ikakunjwa na kufungwa, maana waamuzi hawakutaka kujua nani ni mtoto wa nani. Tuliitwa kwa namba tu. Aliinamisha kichwa, akasema, "Mama, nitakufuata wewe." Nikampa mkono.

Magitaa yakaanza.

Sijui kama ninaweza kuyaandika vizuri. Nimecheza tangu nikiwa msichana, nimecheza na wanaume wa kila namna. Wako wanaokusukuma kama toroli. Wako wanaocheza peke yao na wewe uko hapo. Huyu alikuwa anasikiliza. Kwenye mzunguko wa kwanza goti langu lilikwama kidogo, kitu ambacho hakuna mtu huona kwa sababu najua kukificha kwa nyonga. Kwenye mzunguko wa pili, bila kuniuliza, alichelewa nusu hatua. Na wa tatu. Na wa nne. Alinipa nafasi ya goti na akafanya ionekane kama ndiyo mtindo wenyewe. Watu wakaanza kupiga vigelegele.

Na hapa naungama tena, maana daftari ni la hayo. Nilipokuwa naye wimbo wa pili niliwaza: laiti Ayuma wangu angempata mtu kama huyu.

Niliwaza hivyo kabisa. Mungu ana mchezo.

Walibakiza jozi tatu kwa fainali. Mtangazaji akaenda mezani, akafungua karatasi, akasema sasa ni wakati wa kuwajua wachezaji wetu. Akasoma: namba tisa, Mama Ayuma, fundi wa nguo sokoni, pamoja na mwalimu Shivachi wa Navakholo.

Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wake. Tuliachana kama watu walioshika sufuria ya moto. Yeye akageukia ukuta wa dirisha, mimi nikageukia ukuta wa mlango. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma akisema, "Uwi! Huyo si mukwe wake?" 

 Niliona Desemba yote ikimwagika. Niliwasikia watu wa Navakholo wakisema wameoa kwa mama asiye na haya. Mtangazaji, ambaye nadhani si wa huku, aliuliza kama tunajitoa. Shivachi aliniachia mimi. Alikuwa ananingoja niseme, kama alivyoningoja kwenye mizunguko. Ningesema tunajitoa, angetoka kwa mlango wa nyuma na hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini mimi nilikuwa nimengoja kucheza tena hivi tangu Ayuma akiwa mgongoni. Na kosa sikulitenda kwa kujua, wala yeye. Kwa nini nitoke kama mwizi?

Nikachukua mkoba, nikatoa leso. Nikaisokota mpaka ikawa kamba nene. Nikashika ncha moja, na ile nyingine nikairusha nyuma yangu bila kutazama.

Ilishikwa.

Nikaivuta kidogo nione kama imeshikwa sawasawa. Ikavutwa kidogo. Nikamwambia mtangazaji, "Piga wimbo."

Tulicheza fainali leso nzima ikiwa kati yetu, yeye akitazama madirisha, mimi nikitazama mlango. Nilimjua kwa mvutano wa kitambaa tu. Nikienda kushoto, kinalegea, anakuja. Nikizunguka, nakisikia kinachelewa nusu hatua, kwa ajili ya goti lile lile. Hata sasa hakulisahau, akiwa na aibu yote ile. Machozi yalinitoka nikiwa nacheza na sikuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na leso na mwingine ulikuwa na kazi ya kupendeza.

Wazee wa mstari wa mbele walisimama. Akina mama wakasimama. Yule aliyesema "uwi" ndiye aliyepiga vigelegele virefu kuliko wote.

Tulikuwa wa pili. Mwamuzi mmoja alieleza kwamba sheria inataka wenzi washikane, kwa hiyo tulikatwa alama. Nilimwambia akate tu, hata zote. Wa kwanza walipewa godoro. Sisi tulipewa majogoo wawili, kila mtu wake, nami nilimbeba wangu mpaka nyumbani nikiwa nimeinua shingo kumshinda yeye.

Baba Ayuma alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Akauliza swali moja tu: "Wa pili kati ya wangapi?" Leo kwenye lango la kanisa nimemsikia akiisimulia kama vile leso ilikuwa ni wazo lake. Nimemwacha afaidi.

Lakini baada ya kanisa Senge alikuja. Nilimwona kutoka mbali na mwavuli wake mweusi, nikajua siku ya hukumu imefika. Alikataa chai. Alikaa, akaniangalia, akasema, "Mama Ayuma, umeshika mukwe mukono?"

Nikasema nilimshika kabla sijamjua, na nilipomjua sikumshika tena.

Kabla Senge hajajibu, Ayuma akaingia, amelowa chapachapa, na jogoo kwapani. Alikuwa ameteremka stendi akitoka Likuyani, akamkuta Shivachi anamngoja huko tangu asubuhi. Jogoo ni yule aliyepewa Shivachi ukumbini. Alimtuma aniletee, na aseme kwamba ameniheshimu na tangu anitambue hajanitazama usoni, na kama kuna faini nyingine nyumbani kwetu waseme, ataileta.

Senge alimshika yule jogoo, akampapasa kifua, akampima uzito kwa mkono kama anayenunua sokoni. Alikaa naye mapajani muda mrefu. Mwisho akasema, "Imetosha. Huyu tunakula. Ile maneno imeisha." Ayuma akakimbilia chumbani kulia vizuri. Mimi nikawasha moto.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo ndilo limenifanya niandike leo.

Senge alinifuata jikoni. Alifunga mlango. Yeye, aliyenikemea mwezi wa nne nisiulize! Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akatazama nje kwenye mvua kupitia kidirisha kama anazungumza na ndizi zilizoko nyuma ya nyumba, akauliza kwa sauti ndogo: "Sasa wewe umecheza na yeye. Ni mutu wa namna gani?"

Nilifikiria mengi ya kumwambia. Adabu, shati jeupe, jinsi alivyosimama stendi asubuhi nzima. Nikaona yote ni maneno ya watu wengine.

Nikamwambia, "Anangojanga, Senge. Mwenzake akiwa na goti baya, anamngojanga."

Senge aliitikia kwa kichwa polepole. Akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu vyangu bila kuombwa.

Desemba nitarudi jikoni na moshi wangu, kama inavyopasa. Nitachungulia kwenye ufa nione viatu vya kahawia. Safari hii namjua aliye ndani yake.