Nilivyopona Mgongo Mbele ya Kina Bibi

Tangazo rasmi: mgonjwa sugu wa mgongo, yaani mimi, amepona ghafla mbele ya mashahidi. Usicheke. Nimeumbuka!

Si unajua nilimdanganya daktari ili nikwepe mbio za mabweni shuleni? Basi badala ya kuniandikia ruhusa, kanipeleka kliniki ya kikundi. Kikundi! Wenye maumivu sugu mnakaa duara na muuguzi, kila mtu anaeleza yake. Wenzangu wote ni kina bibi.

Zamu yangu nikatangaza kwa huzuni kuu kwamba hata kuinama siwezi. Bibi wa kando akanipa mto aliokuwa ameegemea. Mto wake mwenyewe, jamani!

Mara fimbo yake ikaanguka. Nikainama upesi, nikaiokota.

Kina bibi wote wakanigeukia.

Halafu makofi! Kumbe pale, ukiweza lililokushinda, mnashangiliwa. "Ameinama! Mjukuu wetu ameinama!" Bibi wa mto akalia kwa furaha. Akalia, nakwambia!

Muuguzi peke yake hakupiga makofi. "Hebu inama tena, mwanangu."

Nikamtazama bibi akijifuta machozi. Nikashindwa kuendelea na uongo. Nikamrudishia mto.

"Siumwi, bibi. Ni mvivu tu, tangu kuzaliwa."