Buibui wa Nyuma ya Stesheni

Kindu, Jumapili, tarehe 14 mwezi wa tatu 1976
Asubuhi ukungu mtoni, kisha manyunyu.

Mama yangu,

Mgongo umepoa? Na huko Lubumbashi mvua inawaacha mlale? Mimi ni mzima, ninakula wali wa Kibombo hadi kitenge changu cha bluu kinanibana.

Uliuliza kama ni kweli nilimaliza sekondari ili nichunge buibui. Ni kweli, Mama, cheka tu. Profesa ninayemfanyia kazi amekwenda Kisangani, akaniachia buibui wadogo kuliko punje ya mchele. Tuliwatafuta Kailo, tukawatafuta Kibombo, hatukuwaona. Wako kwenye kichaka kimoja tu chenye maji, nyuma ya stesheni. Kichaka kikifyekwa, jua litapakausha nao watakwisha.

Siku ya Jumatano nikasikia kwamba salongo ya Jumamosi, ile kazi ya lazima, itafanyika hapo hapo. Jana mkubwa wa mtaa wetu, sitoyeni Kalonda (siku hizi hakuna bwana wala bibi, sote ni masitoyeni), akafika na watu wenye mapanga. Nikasimama mbele yao, nikaeleza.

"Sitoyeni Ngoie, toka njiani. Huyo mududu iko na jina?" akauliza Kalonda.

Nikamtajia lile la vitabuni. Akaruka.

"La Kizungu? Serikali ilisema tuache majina ya Kizungu, sisi wote tulibadilisha, yeye njo nani?"

"Basi mupatie la kwetu, chefu!" akasema jirani yangu, Mama Zawadi, ameegemea jembe. "Mupatie la mama yako!"

Watu wakacheka. Kalonda naye, asionekane mtu wa hasira, akasema, "Haya, aitwe Mwayuma! Sasa mufyeke."

Hakuna aliyefyeka. Huku ni kama kwetu: aliyepewa jina la mzazi anaheshimiwa kama mzazi.

"Mimi nikate Mwayuma?" akasema Mama Zawadi. "Kata weye, mutoto wake."

Kalonda aliinua panga, akalitazama, akalishusha. Tukaenda kuzibua mfereji wa soko.

Jioni Mwayuma mwenyewe, mama yake Kalonda, akaja, maana habari ilikuwa imemfikia. Nikamwonyesha. Akainama, akatafuta, akaona.

"Huyu njo majina yangu, mwenye jina langu? Mudogo hivi! Anakula nini?"

"Mbu wadogo, Mama."

"Basi ni mutu wa kazi."

Akachana upindo wa kitenge chake, akaufunga kwenye tawi ili watu wajue kichaka kina mwenyewe. Kisha akasema salongo ijayo ataleta kiti na kukaa hapo, tuone nani atakuja na panga.

Nisalimie Baba mdogo Kyungu wa karakana ya reli, na dada Kabedi, mwalimu wetu. Umwambie Nkulu, kitinda mimba, asiue buibui wa chooni kabla sijamkagua.

Ni mimi binti yako,
Ngoie

Tangu Jumatano sikupata usingizi wa maana. Jana usiku, saa mbili na dakika kumi, nilikuwa nimeshalala, nikaamka kumekucha.