Nilisema Nimezoea

Nyumba ya ghorofa nyuma ya kiwanda,
Chumba namba 9,
Jumapili, tarehe 18.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Pokea salamu zangu za moto moto, ingawa zitakufikia zimeshapoa kwa jinsi barua zinavyotembea. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Bega la baba linaendeleaje, na je, bado anadanganya kwamba haliumi ili asipakwe dawa? Wanangu wawili wanaendelea na shule? Mwambie yule mdogo kwamba mama yake mdogo ameupata mchoro wa kuku. Kuku ana miguu mitatu, lakini nimempokea hivyo hivyo. Mimi kiafya sijambo, mwili hauna neno. Ni hayo mengine yaliyonifanya nishike kalamu.

Barua yako niliipata Jumatano. Umeniuliza kuhusu chumba changu hapo nyumbani, kama mdogo wake shemeji anaweza kuhamia humo moja kwa moja, kwa kuwa mimi, kama ulivyoandika, nimeshazoea huku. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi. Nitakujibu, lakini nivumilie kwanza nikueleze, maana nikijibu bila kueleza utaniona nina roho mbaya.

Unakumbuka kiwanda kilipotuhamisha tulikuwa watatu: mimi na mashine yangu ya matundu ya vifungo, yule mama mpiga pasi, na mkata vitambaa mwenye kikohozi. Tuliahidiwa kwamba baada ya miezi mitatu asiyezoea atarudishwa karakana ya zamani, bila lawama. Kwa sababu hiyo niliondoka na begi moja. Hata blanketi zito nililiacha, nikajua miezi mitatu si kitu. Sasa huu ni mwezi wa saba.

Chumba changu ni hatua tano kwa nne. Dirisha linatazamana na ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mkono naugusa. Mwenye nyumba ni mama mpole, msafi, ila ana sheria moja: humu ndani hakikaangwi kitu. Anasema harufu ya mafuta inaingia kwenye mapazia. Kuchemsha ruhusa. Wiki ya kwanza nilinunua vitunguu na kisufuria, nikatia mafuta kidogo, na kabla kitunguu hakijageuka rangi alikuwa mlangoni kwangu. Hakugomba. Alisimama tu akiyaangalia mapazia mpaka nikazima. Tangu siku hiyo sijasikia kitunguu kikilia kwenye mafuta. Sikujua kama mtu anaweza kuitamani sauti ya kitunguu, nawe ukicheka sitakulaumu.

Chakula cha kushiba nakula kantini ya kiwanda. Maharage yao wanayatia sukari. Hapo sitii chumvi, na wao ndio hawatii kabisa. Mboga wanazichemsha mpaka zikate tamaa. Mpishi ni mama mmoja mnene, tunamwita Mama Upawa, kwa sababu upawa hautoki mkononi mwake hata akienda kujibu hodi. Ana moyo mzuri sana, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Akishanipakulia anasubiri nimeze kijiko cha kwanza huku ananiangalia usoni, nami nameza na kutabasamu. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nakula nusu sahani, nusu namsogezea mkata vitambaa chini chini, Mama Upawa asione.

Sasa sikiliza nilivyojifunga kamba mwenyewe. Mgeni huku haulizwi habari, anaulizwa kama amezoea. Mlinzi wa getini atakuuliza, mwenye nyumba atakuuliza, hata muuza sabuni usiyemjua atakuuliza. Nawe unajua tulivyolelewa: ukiulizwa habari, ni nzuri, hata kama paa limeondoka na upepo. Basi nami nikawa nasema nimezoea, nimezoea, kama mtu anayeitikia salamu. Mwishoni mwa mwezi wa tatu akapita karani, kalamu sikioni, karatasi zake kwenye kibao. Mimi nimeinama, natia uzi kwenye sindano. Akaniuliza kama nimeshazoea. Nikamwambia nimezoea, namshukuru Mungu, wala sikuinua kichwa. Akaandika, akaenda zake.

Mpiga pasi alipoulizwa alisema hajazoea na wala hana mpango huo. Nilimwona hana adabu. Nilimsikitikia kabisa, dada, mtu mzima kumjibu karani hivyo.

Jumatatu iliyofuata gari likaja getini. Mpiga pasi na mkata vitambaa wakapakia mizigo yao. Mimi nilikuwa nimeshika begi langu, nimeshawaaga watu. Karani akatazama karatasi yake, akanitazama mimi, akasema simo. Nilidhani amekosea. Akanigeuzia karatasi nijionee: kwenye mstari wangu, mahali palipoandikwa "amezoea", palikuwa na alama ya ndiyo, kubwa, ya wino mweusi. Nikarudi kwenye mashine na begi langu nikalisukuma chini ya meza. Siku hiyo mashati thelathini niliyatoboa matundu upande usio wake, na machozi nikayasingizia vumbi la vitambaa.

Na ninyi huko nikawaandikia nini? Nimezoea. Niliona aibu, na niliogopa baba atakosa usingizi. Kwa hiyo sikulaumu hata kidogo kwa ulichoandika. Umeyatoa maneno kwenye barua zangu mwenyewe.

Wiki iliyopita nikapiga moyo konde, nikaenda kwa msimamizi. Si mtu mbaya, alinipa kiti. Nikamweleza kwamba lile lilikuwa jibu la adabu tu, sikujua kama ni la kuandikwa. Akacheka kidogo, halafu akaona mimi sicheki. Akasema nafasi yangu karakana ya zamani bado ipo wazi na anaweza kunirudisha, ila wakubwa watataka sababu, kwani mtu akishazoea hazoeuki hivi hivi. Naumwa? Hapana. Nimegombana na mtu? Hapana. Nikaona mlango unafungwa, nikasema ni chakula. Nikasema sili, chakula cha huku hakinipiti kooni, nitaisha. Niliyasema kwa uchungu mpaka mwenyewe nikajiamini. Msimamizi akafikiri, kisha akaagiza Mama Upawa aitwe.

Akaja na upawa wake. Msimamizi akamuuliza kama ni kweli huyu dada hali. Mama Upawa akanigeukia, nami nikatazama sakafu. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme uongo.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni wangu huyu. Jumanne kaja mwenyewe kuniomba nimwongezee."

Na ni kweli, dada. Jumanne niliomba. Tangu mkata vitambaa aondoke sikuwa na wa kumsogezea nusu yangu, na kumrudishia mama wa watu chakula chake sikuweza, kwa hiyo nikawa namaliza sahani kwa kujikaza. Sijui ni siku gani kujikaza kuliisha. Jumanne nilikuwa na njaa, basi. Nikasimama, nikaenda na sahani mpaka dirisha la kupakulia, nikamwambia niongeze maharage. Yale yale ya sukari. Wala sikuona kama nimefanya jambo, mpaka niliposikia likisemwa mle ofisini.

Mama Upawa alikuwa anatabasamu kama mzazi wa mtoto aliyefaulu. Hakuwa na habari kwamba ananifungia kufuli. Msimamizi akafunga faili, akaniambia kwa upole nije tena mwakani, wakati wa kupanga upya wafanyakazi. Nikamshukuru. Na Mama Upawa naye nikamshukuru, kwa sababu mdomo wangu haujui kufanya kingine.

Tangu siku hiyo nina hofu, na simwogopi mtu wa huku yeyote. Najiogopa mimi. Juzi nikitoka kazini nilipanda ngazi nikijiambia, afadhali nimefika nyumbani, na nilichokuwa namaanisha ni chumba namba tisa. Nikasimama pale pale. Nikajaribu kukumbuka mchuzi wako ukoje. Nikaikumbuka sufuria, nikaukumbuka na mfuniko wake uliobonyea, lakini ladha haikuja. Nilisubiri mpaka jirani akaniomba nimpishe apite.

Basi nikujibu. Kabla ya karatasi hii nimechana mbili. Zote nilikuwa nimeandika: mpeni tu mdogo wake shemeji, hakuna neno, chumba ni chenu. Ndivyo anavyojibu mtu aliyelelewa na wewe, na najua ndivyo ulivyotegemea. Jibu langu ni hapana. Usimpe. Najua analala kwenye kochi na mgongo unamuuma, na najua shemeji atanuna siku tatu. Mtafutieni pengine. Kile chumba ni changu na ninakitaka, na sina sababu nyingine ya kukupa zaidi ya hiyo.

Na hili nalo ulishike hata ukisahau mengine yote. Mwakani, kama utapata barua yangu nzuri, yenye maneno matamu, kwamba nimefikiri upya na chumba apewe, usinisikilize. Ujue hapo nimezoea kweli. Usiijibu barua hiyo, dada. Panda gari uje unichukue.

Nisalimie baba, umsomee mwanzo wa barua tu. Shemeji msalimie kwa sauti ya chini, akishamaliza kula. Wanangu uwakumbatie mmoja mmoja, wasigombane nani kaanza. Shangazi akipita hapo mwambie sijamsahau, na akikuuliza kama nimezoea, badilisha mazungumzo. Mungu awafunike nyote kwa afya na amani, na wewe akuzidishie subira, maana mzigo nimekutwisha.

Ni mimi nikupendaye hata leo ukinikasirikia,

Kitindamimba wenu.