Vumbi Halikuwa na Kosa

Mpendwa Shangazi Odile,

Naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi ijayo, kwa sababu nimefanya jambo ambalo nilidhani ni mzaha na sasa limemliza mtu asiye na hatia, na tafadhali jina langu usilitaje kwa kuwa huu mji ni mdogo.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, nimeoa, natengeneza kompyuta za watu hapa Bathurst, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikijitolea kwenye Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta ambao hauna mwenyewe mmoja, mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuona ulivyoandikwa ndani na kurekebisha penye kasoro, na mchango wangu mimi ni kipande kidogo tu kinachozifanya printa za zamani zielewane nao, nakitunza Jumapili baada ya misa na silipwi kitu, na baba mkwe wangu amenicheka kwa hilo tangu siku ya harusi. Yeye ni mjane, ana duka la kunoa na kutengeneza misumeno ya injini, na kila tukikaa mezani lazima anichokoze. "Kitu kizuri kina bei, mkwe wangu," huniambia. "Hicho chako cha bure ni kile kilichokosa mnunuzi."

Mwaka jana kampuni iliyotengeneza mfumo wa kompyuta yake ya dukani ilitangaza kwamba toleo lile la zamani haitalilinda tena dhidi ya virusi, na mashine yenyewe ina miaka kumi na mitatu, haiwezi kubeba toleo jipya, nikamwambia aniruhusu nimwekee huu wetu, akakataa. Maktaba ilikwisha kuhamia mfumo huu, ghala la samaki likahama, hata mapokezi ya daktari wa meno wakahama, yeye akasema watajuta wote. Basi Septemba alipokwenda kuwinda porini siku tano, niliuchukua ufunguo wa duka kwa mke wangu Josette nikisema naenda kuisafisha ile mashine, nikafuta mfumo wa zamani, nikaweka wetu, halafu, Shangazi, hapa ndipo nilipoharibu, nikauvisha sura ya ule wa zamani. Nilirudisha ile picha ya marehemu mama mkwe ameshika samaki, vialama vyote nikaviweka palepale alipovizoea, programu nikazipa majina ya zile za awali, hata ule mlio wa kuwakia nikautafuta nikauweka.

Aliporudi akaiwasha, ikafunguka kabla hajavua koti, printa yake kuukuu iliyokuwa imegoma mwaka mzima ikachapa mara moja, akanigeukia macho yamemtoka, akauliza nimeifanyaje. Nilitaka kusema kweli, naapa, lakini niliona furaha yake na nikaona pia atakavyoning'oa masikio, ulimi ukateleza, nikasema, "Nimepuliza vumbi tu, baba."

Tangu hapo mji mzima umeambiwa habari ya vumbi. Kila anayelalamika kompyuta yake ni nzito, baba mkwe anamwambia asipoteze senti kwa mfumo mpya, ni kupuliza tu. Printa ile inachapa kwa kazi ya mikono yangu ya miaka kumi na minne, naye anaisifu kompresa yake, ile pampu ya upepo ya dukani, na mimi nilikuwa nacheka moyoni, nikisema siku moja nitamfichulia na tutacheka wote.

Sasa kuna mama mmoja mpiga picha, yule aliyepiga harusi na ubatizo wa karibu kila familia hapa, naye mashine yake ilikuwa na mfumo uleule wa zamani. Alikuwa ameniita nije nimbadilishie na nimwekee picha zake mahali salama. Baba mkwe akamwambia aachane na mimi, akaenda mwenyewe kwenye studio yake na kompresa, akapuliza, na kwa nia njema kabisa akamwambia, "Sasa usiguse kitu chochote." Mama yule akanipigia simu kuahirisha. Shangazi, nilijua. Nilijua na sikusema, kwa sababu kusema kungenilazimu kueleza lile la kwanza. Wiki ya tatu virusi vikaingia, vikafunga picha zote zisifunguke tena, pamoja na zile za kwenye diski ya akiba aliyokuwa ameiacha imechomekwa. Ni kazi ya miaka kumi na tisa.

Josette nilimwambia juzi. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alisema, "Umempa baba yangu zawadi nzuri kuliko zote, halafu sifa ukaliachia vumbi. Nenda kaseme." Ila Jumamosi ijayo ndiyo kifungua kinywa cha chama cha wafanyabiashara, wanapiga kura kama chama kiwashauri wanachama wote wahamie mfumo huria, na baba mkwe ameombwa aseme neno la upande wa wanaokataa. Nikiongea sasa namvunjia heshima mbele ya wenzake, nikinyamaza wengine watapoteza vyao. Na juzi alikuja nyumbani, akakaa jikoni na kofia yake mkononi. Alisema, "Mkwe, labda mle kwa yule mama nilibakiza vumbi?"

Nifanyeje?

Mkwe, Bathurst

*

Mkwe,

Kwanza nikupe pole, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na sikuona mtu mbaya ndani yake. Nimemwona mtu aliyechekwa miaka yote kwa kazi nzuri, akapata nafasi moja ya kushinda, akashinda, na hakuwa na wa kumwonyesha. Hilo linauma, sikufichi. Mimi pia ningetamani aseme asante.

Lakini umenichekesha pia. Unaniomba nifiche jina lako, halafu unaniandikia duka la misumeno na mpiga picha wa ubatizo wote. Bathurst ina maduka mangapi ya misumeno, bwana? Ndiyo maana barua hii sikuichapa Alhamisi iliyopita. Jibu hili nimekutumia nyumbani kwanza, leo Jumatatu, na gazeti litakaa likisubiri mpaka umalize unachotakiwa kufanya.

Sasa nikukaripie kidogo, vumilia. Mimi kwa kompyuta ni mbumbumbu, ila nimeelewa ulichokieleza: mfumo wenu sifa yake ni kwamba hakuna kilichofichwa, kila mtu anaweza kufungua akaona. Mnajivunia hivyo. Na wewe, mtoto wa nyumba hiyo, ndiye uliyeuvisha barakoa. Mzee alikuwa anausifu mfumo wako kila siku, ila hakujua jina lake. Ulimnyima haki ya kubadilisha mawazo yake. Mtu mkaidi naye anastahili nafasi ya kukubali kwamba alikosea, na wewe ulimchukulia nafasi hiyo ukaiweka mfukoni ucheke nayo peke yako.

Na ile simu ya mama mpiga picha, hapo sina la kukutetea. Ulipokea simu, ukajua, ukakata. Usimwachie mzee wala vumbi mzigo huo.

Unasema utamvunjia heshima. Heshima yake iko jikoni kwako na kofia mkononi, inauliza kama ilibakiza vumbi. Kila siku unayonyamaza anajilaumu kwa kosa lako.

Kwa hiyo nenda kesho asubuhi, kabla dukani hakujajaa wateja. Usimpeleke Josette akusemee. Iwashe ile mashine mbele yake, umwonyeshe, umwambie maneno haya au yanayofanana: baba, hapakuwa na vumbi, nilibadilisha mfumo bila ruhusa yako, na yule mama asingeumia kama ningesema. Halafu nyamaza. Atakutukana, muache atukane. Akitaka uurudishe ule wa zamani, mwambie ukweli kwamba si salama tena, kisha uamuzi uwe wake, mashine ni yake. Kura ya Jumamosi usimguse nayo kabisa, atasema atakachoona.

Ukitoka hapo, siku hiyohiyo, nenda kwa mama mpiga picha. Umwambie vilevile, umbadilishie mashine yake kama mlivyokubaliana, na usipokee hata kikombe cha kahawa.

Halafu kuna picha. Unasema zimepotea zote. Zimepoteaje, Mkwe, wakati nusu ya mji huu wamezitundika ukutani? Mimi ubatizo wa binti yangu uko juu ya meza ninayoandikia sasa hivi, na nyuma una muhuri wake. Kila familia ina zake. Zikiletwa moja moja, zikapigwa nakala, atarudishiwa nyingi. Nyinyi wa mfumo huria si ndivyo mnavyojenga, kila mtu na kipande chake? Basi jenga.

Odile

*

Wasomaji, barua hii imechelewa wiki mbili, na inachapwa kwa ruhusa ya wote watatu, mkwe, mzee na mama mpiga picha. Bwana Réjean Savoie, ndiye Mkwe wetu, alikwenda dukani Jumanne kama nilivyomwambia. Hakuniambia yaliyosemwa huko, nami sikumuuliza. Baba mkwe wake alipokuja ofisini kwetu kusoma kabla hatujachapa, nilimhakikishia kwamba majina yote tunaweza kuyabadilisha, hata duka tukaliita la viatu. Alisoma mpaka mwisho, akapangusa miwani, akasema, "Andika Fernand Thibodeau, mtengeneza misumeno. Si ndivyo kitu hiki kinavyotaka, kila mtu aone?"

Kisha akaniachia tangazo, nami nalichapa kama lilivyo:

Mwenye picha yoyote iliyopigwa na Bi Ghislaine Haché ailete dukani kwangu, mtaa wa Saint-Pierre, siku za kazi. Mkwe wangu anapiga nakala kwa kompyuta yangu, na picha yako unaondoka nayo. Printa ni kazi ya mikono yake.