Fimbo Zifunguke Inje

Jumatatu, 5 mwezi wa tatu 1956. Mushaki.
Neema ametumbukiza kiatu cha baba yake ndani ya maziwa, sasa hivi. Anacheka. Nitamukasirikia namna gani?
Papa Neema, bwana wangu, ameshaenda hangari ya Musyo, banda lile kubwa la kazi. Musyo ni muzungu, enjenyeri. Anatafuta namna jiko kubwa la Ulaya lisiunguze watu. Ndani yake fimbo za chuma zinasimama pamoja, zinatoa moto, na sodiyumu, chuma laini kilichoyeyuka, inapita katikati kuzipoza. Fimbo zikijikunja kuelekeana, moto unazidi. Zikifunguka inje, moto unapungua wenyewe. Njo umbo hilo wanatafuta. Hapa wanajaribu umbo tu, kwa joto la makala ya miti. Moto ule wenyewe hauko.
Nimeelewa. Nafurahi.

Jumatano, 7.
Mvua. Hangari inavuja. Sodiyumu ikigusa maji inawaka, inapasuka. Nimemuuliza bwana wangu kama Musyo ameona lile paa. Akacheka: "Mama Neema, unataka kuwa enjenyeri?" Sikucheka. Kesho wanayeyusha sodiyumu.

Alhamisi, 8.
Moshi mweupe juu ya hangari, na bwana wangu iko ndani. Hapa kwetu nyumba ikiungua, hakuna mama anayengoja kuitwa. Wote walikuja mbio, mitungi ya maji kichwani, mama mukwe mbele. Nilisimama mulangoni mwa hangari, Neema mugongoni. Nikapiga kelele: si maji! Muchanga mukavu!
"Mutoto wangu anaungua, unamunyima maji? Muchawi we!"
Mama mukwe akasogea. Nilipiga mutungi wake, ukavunjika. Mbele ya watu wote.
Ndani walikuwa wanamwaga muchanga. Papa Neema akatoka, mukono umeungua. Muzima. Mungu wangu, muzima.

Ijumaa, 9.
Mama mukwe hanisemeshi. Papa Neema amemueleza habari ya maji. Hataki kusikia. Inaniuma sana.
Jana fimbo zilijikunja ndani. Zilibanwa juu na chini. Sasa Musyo atazishika chini tu, juu ziachiwe nafasi. Bwana wangu anataka kurudi kazini. Nimesema: paa kwanza, ao hauendi.

Jumapili, 11.
Jana wamepiga mabati mapya. Nilienda mwenyewe kuangalia. Kesho atarudi, nimekubali. Naamini fimbo zitafunguka. Mama fulani huko Ulaya atalala vizuri na mutoto wake.
Mama mukwe amekula sombe yangu, majani ya muhogo niliyopika. Sasa yeye iko kwa ng'ombe, anaita: "Mama Neema! Kuya unishikie ndama!" Ameniita mimi, na nilikuwa nafikiri hata jina langu hatalitaja tena. Naenda mbio.