Uzi Uliorudishwa

Salamabila, tarehe 26 mwezi wa nane 1953

Kwa mdogo wangu Harbans,

Sat Sri Akal, na salaam kwa shemeji Yakubu na kwa wazee wote wa Kasongo. Mimi ni mzima. Msumeno wa mgodi uliniuma kidole cha gumba lakini kimepona. Kile kikohozi cha Yakubu kimekwisha?

Uzi wako wa mwaka huu, ule wa dada kumfunga kaka mkononi, umefika. Usikasirike, ninakurudishia kwa mkono wa Faradji, dereva wa lori la barua. Bhai Santokh, fundi mkuu wetu kutoka Kigoma, aliukuta mkononi mwangu mwaka jana akaniuliza: wewe ni Sikh au ni mtu wa kufungwa nyuzi? Akanieleza kwamba Guru wetu, akiwa bado mtoto, alikataa kuvikwa uzi wa dini mbele ya wageni wote waliokuwa wamealikwa. Sisi tuna bangili ya chuma, inatosha. Tena uzi huo unasema mwanamke ni dhaifu, lazima awe na wa kumlinda. Guru hakutaka hayo. Ndiyo maana unaitwa Kaur, yaani binti wa mfalme.

Unajua wanavyonitazama hapa. Mama yetu alikuwa mtu wa Kasongo, kwa hiyo nikikosea kidogo wanasema, ah, huyu ni nusu tu. Na sasa Bhai Santokh anataka kunitafutia mchumba kwa ndugu zake wa Kigoma. Basi, usitume tena. Ninakupenda bila uzi.

Kaka yako,
Kirpal

Kasongo, tarehe 19 mwezi wa tisa 1953

Kwa kaka yangu Kirpal,

Salaam nyingi. Nafurahi kidole kimepona, maana fundi asiye na gumba atakula nini? Sisi tunaendelea. Yakubu bado anakohoa, na sasa halali vizuri.

Kaka, umesomeshwa vibaya. Baba alikuwa Sikh, au alikuwa nani? Kila mwaka shangazi alimtumia uzi kwa posta kutoka kwao. Ukichelewa, Baba alikuwa hali chakula, anakaa mbele ya kiwanda chake cha mbao akingoja. Ukifika, analia mbele ya wafanyakazi wake bila aibu, na kilemba chake kichwani, na bangili yake mkononi. Alipojua hatarudi tena kwao, akanifundisha mimi kuufunga kwako. Hakusema ni dini. Alisema, ni dada yangu.

Na wewe ungeuficha sandukuni ukanyamaza! Faradji, maskini, hakujua ni kitu gani. Alinipa uani mbele ya watu wote. Assumani, kaka yake Yakubu, akauona, akacheka: "Ule Muhindi amerudisha uzi? Basi amekukata." Unajua desturi ya hapa. Zawadi ya undugu hairudishwi. Anayeirudisha anasema hakujui tena. Nikawaambia ni mambo ya dini tu, hawakunisikia.

Niandikie upesi. Nina hofu na hicho kikohozi.

Mdogo wako,
Harbans

Kasongo, tarehe 8 mwezi wa kwanza 1954

Kwa kaka yangu Kirpal,

Hujanijibu. Salaam hata hivyo, na afya njema.

Yakubu amefariki. Tulimzika mwezi wa kumi na moja, nami nimo edani, ndiyo maana ninaandika kwa kujificha. Sina nguvu ya kukueleza kifo chake. Alikuwa mwepesi mno walipomwinua.

Kaka, nisikilize. Assumani anataka kunirithi. Ana wake wawili, na wote wananijia kwa siri kunionya nisiingie mle ndani, wananionyesha alama za fimbo migongoni mwao. Nimekataa. Nikitoka eda mwezi wa tatu, baraza la chefu litakaa. Mjane akikataa, lazima mtu wa kwao asimame aseme, huyu ni wetu, tunamchukua. Mimi ninaye nani? Baba hayupo, Mama hayupo, na wajomba walikwisha kufa. Assumani anamwambia kila mtu, "Huyu bibi hana mutu. Kaka yake alimukata, tuliona kwa macho."

Njoo. Njoo ukiwa umeufunga, watu wauone, maneno yake yafe. Ninakutumia uzi uleule ndani ya barua hii. Ukishatoka Kasongo ukate, uuchome, mwambie Bhai Santokh ulikuwa wazimu wangu. Siku moja tu, Kirpal. Ninakushika miguu.

Mdogo wako,
Harbans

Salamabila, tarehe 20 mwezi wa pili 1954

Kwa mdogo wangu mpenzi,

Pole, pole sana. Barua yako ilikwama njiani kwa sababu ya mvua, daraja lilichukuliwa na maji. Nimemlilia Yakubu. Alikuwa mtu mwema kwako, na mimi sikumshukuru.

Nitakuja, usiwe na shaka. Lakini ndugu za Bhai Santokh wanafika kutoka Kigoma mwanzo wa mwezi wa tatu kunitazama, siwezi kuwaacha mlangoni. Wakiondoka tu, napanda lori. Waombe wazee wasogeze siku.

Uzi sitaufunga. Nimeuweka katika sanduku la vyombo vyangu. Nitasimama mbele ya baraza niseme kwa kinywa changu kwamba wewe ni damu yangu. Chefu atatafuta nini zaidi ya hapo? Uzi ni pamba tu, Harbans.

Jipe moyo.

Kaka yako,
Kirpal

Kasongo, tarehe 30 mwezi wa tatu 1954

Kirpal,

Natumaini wageni wako walikula vizuri.

Baraza halikusogezwa. Chefu aliuliza, "Iko na mutu wake hapa?" Akauliza tena. Assumani akawa anajitengeneza kanzu. Niliangalia njia ya Kabambare, ambako ungetokea, mpaka macho yakauma, kisha nikaona aibu ya kuangalia.

Faradji alikuwa amesimama nyuma ya watu, ameleta barua za ofisi. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilichomoa uzi mmoja kwenye pindo la kikwembe changu cha msiba, nikamwendea, nikamwambia: kwao baba yangu, mwanamke akimfunga mwanamume huu, anakuwa kaka yake, ukikataa sitakulaumu. Hakuuliza kitu. Alikunja shati, akanyoosha mkono. Fundo lilinishinda, akalishika kwa kidole chake ili nikaze.

Akawaambia, "Huyu ni dada yangu. Namuchukua kwetu." Wazee walibishana mpaka adhuhuri, Assumani akapiga kelele. Mwisho chefu akasema, alirudishwa uzi mbele ya watu, na sasa umepokewa mbele ya watu. Akaniachia.

Usije. Nyumba nimeifunga.

Harbans, mjane wa Yakubu

Salamabila, tarehe 15 mwezi wa nane 1954

Kwa mdogo wangu Harbans,

Sat Sri Akal. Salaam. U mzima? Unalala? Sijui nianze vipi.

Nilikuja. Nilikuta kufuli. Najua uko Kabambare kwa mama yake Faradji. Nilifika huko pia, mama akasema umetoka, na kikwembe chako kilikuwa kimeanikwa uani, kinadondosha maji. Nikaondoka.

Wale wa Kigoma walinikubali. Nilimweleza Bhai Santokh habari ya baraza, nikidhani atanisifu kwa msimamo wangu. Akaniuliza, "Nilikukataza uzi. Nani alikukataza kwenda?" Tangu siku hiyo siwezi kula chakula cha mtu yeyote kwa aibu.

Jana mwezi ulikuwa mpevu, siku yetu ya uzi. Nilitoa uzi wako sandukuni nikajaribu kujifunga kwa meno. Haufungiki. Unateleza. Nilijaribu mpaka ukalowa mate, nikaona nimekuwa mjinga mzima.

Sibishani tena na dini wala na mtu. Nitumie uzi, Harbans. Hata wa gunia. Au uandike tu mwisho wa karatasi "mdogo wako", kama zamani, usiandike kingine chochote.

Faradji amepita leo asubuhi na lori. Mkononi ana uzi mpya, mwekundu. Nilimuuliza kama kuna barua yangu. Akatafuta katika mfuko wake wote, akatafuta tena, kwa kunihurumia.

Nimempa hii.

Kaka yako,
Kirpal