Kofia ya U

Jumatatu, 3 Machi

Wateja wanne leo: wawili kusuka, wawili kuosha nywele. Nimefunga saluni mapema nikaondoka Kenyatta Market na kompyuta ya mkononi ya Mami kwenye mkoba. Ya mtumba. Inatosha kiganjani na ina vitufe vya kubonyeza.

Mami alifundisha Kikuyu darasa la kwanza na akapiga taipu miaka mingi. Simu haitaki. Akiandika Kikuyu, inamgeuzia Kiingereza. Mwalimu hasahihishwi na simu. Anaandika majina ya ukoo wetu, nani alipewa jina la nani. Jicho la kulia limeshazima na la kushoto daktari hakuahidi kitu. Anataka kumaliza kabla halijazima.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Mami aliandika jina la mamake, Njerĩ. Kioo kikaonyesha Njer na kisanduku kitupu. Ile alama ya juu yeye huiita kofia, tangu darasani. Nikamwambia aandike bila kofia, watu wataelewa.

Akafunga mashine. "Basi huyo si mamangu."

Nimejionea aibu. Nilijua kabisa ninachosema na bado nikakisema.

Ijumaa, 7 Machi

Mjini, ghorofa ya tatu, kwa fundi anayeitwa Musyoka. Ameniambia dawa ni kuweka Linux mpya, ile programu inayoendesha mashine yote, na Linux ina matoleo mengi. Wao huyaita distro. Nichague. Nikamuuliza ipi inajua kofia. Akacheka.

"Siz, weka hii yenye kila mtu anaweka. Hizo zingine ni za watu hawana kazi."

Nimeondoka na ya kila mtu. Ina picha ya mlima.

Jumamosi, 8 Machi

Kofia zinaonekana. Lakini ni nzito kwa mashine ndogo. Mami anabonyeza herufi tatu ndipo ya kwanza itokee, na maandishi hayakui vya kutosha. Amepachika pua kwenye kioo hadi jicho likatoa machozi.

Kĩmani, kakangu, amekuja kutoka Kileleshwa na ushauri wake. "Si umnunulie tu tablet, uachane na hii kitu." Huyo kwa Mami huonekana Krismasi na Pasaka. Nimemwambia anywe chai yake.

Nimesoma kwa simu kuhusu distro nyingine. Haina picha hata moja. Maandishi tu, meupe juu ya weusi, makubwa upendavyo. Naitaka hiyo.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi kwa fundi. Amesema ile ndogo nayo haina kofia, na hakuna mtu amewahi kuiulizia. Nikasema sasa yuko. Akasema nampotezea wakati. Nikavuta kiti nikakaa.

Akaiweka ili tu aniondoe. Nikamwambia aandike jina lake jinsi nyanyake angeliandika. Nyumbani kwao ni Machakos. Kikamba nacho kina kofia. Akafikiria kidogo, akabonyeza. M, kisanduku, syoka.

Akakitazama sana kile kisanduku. "Ata kwa ID yangu hakuna hiyo kitu," akasema.

Hakucheka tena. Alizichora herufi za kofia mwenyewe, nukta kwa nukta, kubwa na ndogo, hadi watu wakaanza kufunga vibanda. Kitufe kimoja pembeni tukakifanya cha kofia. Kukitafuta kwa jicho la Mami ni kazi, kwa hivyo nimekiwekea tone la rangi ya kucha. Likikauka linabaki kinundu.

Ijumaa, 14 Machi

Kĩmani amepiga simu kuuliza kama nimeanza kusaka tablet. Nimesema hapana. Amesema mimi ni kichwa ngumu. Nimekubali.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya kanisa Mami aliketi dirishani na mashine mapajani. Herufi ni kubwa, jina moja linajaza kioo. Aliandika Njerĩ, akaliangalia, akaendelea. Wambũi, nyanya yangu wa upande wa baba, ambaye jina lake ndilo langu. Wanjirũ. Mũthoni.

Nilikuwa nachambua sukuma wiki. Nilipoinua kichwa nikaona amefumba macho, yote mawili, na vidole bado vinakwenda. Kidole gumba kilikuwa kinatafuta kile kinundu, kinakipata, kinasonga mbele.

Nikamuuliza kama jicho linauma.

"Haliumi. Nafanya mazoezi."

Nikaenda kusoma nyuma ya bega lake. Kofia zote zilikuwa mahali pake. Nikarudi kwa sukuma.